Maisha ya Abdallah bin Hemedi Liajjemi, Katibu wa Mazinde

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumsalia Mtume wake Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote, haya ni maisha ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mtu wa pwani aliyekuwa katibu katika mji wa Mazinde, chini ya milima ya Usambara, zamani za Zumbe Semboja. Kisha akaandika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Watu wengi wa Usambara huyajua majina ya Mbegha na Kimweri, na huwahadithia watoto wao jioni. Ni wachache wamjuao mtu aliyeyatia majina hayo katika karatasi. Na wachache zaidi ni wale waliotambua ya kuwa kitabu kile, pamoja na kuwa ni tarikh ya wafalme, ni mashitaka pia; na mshitaki mwenyewe ni mtu aliyekula chakula cha nyumba aliyoishitaki.

Jina la Liajjemi ni nisba. Waarabu humwita Ajami kila asiyekuwa Mwarabu, na khasa mtu wa nchi za Waajemi. Na katika miji ya Mrima walikuwapo watu wa nisba nyingi, wakioana na kuchanganyika hata lugha yao ikawa moja. Tena yafaa msomaji ajihadhari asimchanganye Abdallah bin Hemedi huyu na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa Tanga, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi. Majina yamegeuzana tu, na zama ni zile zile, na mji mmoja uliwakusanya wote wawili. Lakini hawa ni watu mbali mbali, na kalamu zao ni mbali mbali, kama itakavyoonekana mbele.

Mazinde inayotajwa hapa si Mazinde Juu iliyoko mlimani. Ni Mazinde ya chini, tambarare, penye jua kali na vumbi, ambapo mtu akiinua macho huona milima imesimama juu yake kama ukuta. Mwenye kutaka kuyafahamu maisha ya Abdallah bin Hemedi ni lazima kwanza aufahamu mji huu na sababu ya kuinuka kwake. Wafalme wa Kikilindi walikaa Vuga, juu mlimani, penye baridi na migomba na mvua. Na kwao nyika ilikuwa mahali pa kupita, si mahali pa kukaa. Lakini njia ya misafara itokayo Pangani hufuata bonde la mto, ikaambaa chini ya milima hata nchi ya Upare, na mbele yake Kilimanjaro. Misafara ilipita hapo ikichukua nguo na baruti na bunduki kwenda bara, na ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa. Aliyekaa Mazinde ameishika njia hiyo kooni. Basi Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde.

Na asili ya wafalme hawa, kama alivyoipokea Abdallah bin Hemedi kwa wazee, ilitokana na dhulma. Mbegha alikuwa mtu wa Nguu. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo watu walimwita kigego, wakimhesabu kuwa ni mkosi. Desturi yao ilikuwa kumwua. Wazazi wake wakamwacha hai. Walipokufa, ndugu wakamnyima urithi wake kwa sababu ya ukigego wake, akawa mtu wa kuzunguka porini na mbwa wake, akiwinda nguruwe, hata akafika Usambara. Huko akawapa watu nyama naye akapewa vyakula vya shamba. Watu wakamwona ni hodari wa kuua wanyama wanaoharibu mazao, tena ni mwenye kujua kuamua magomvi bila kupendelea. Wakampa wake, wakampa na mji wa Vuga. Alipoua simba wakamwita Simba Mwene, na jina hilo likawa la wafalme wote waliomfuata, Buge na Shebuge na Kinyashi na Kimweri.

Msomaji atazame vizuri jinsi habari hii ilivyopangwa. Mgeni aliyedhulumiwa kwao akakubaliwa ugenini kwa mambo mawili, ukarimu na hukumu ya haki. Hakuja na jeshi wala hakuchukua kitu kwa nguvu. Ufalme ulikuwa kama mkataba: yeye huwalinda na kuwaamua, nao humpa utii. Abdallah bin Hemedi hakusema mahali pamoja ya kuwa huu ndio mkataba na baadaye ulivunjwa. Alisimulia tu habari ya Mbegha kwa urefu, ikamwingia msomaji, kisha akamsogeza mbele vizazi vinne vitano, akamwonyesha wajukuu wa mtu yule wanafanya nini. Hukumu imo katika kule kuziweka habari mbili katika kitabu kimoja.

Kimweri, aliyeitwa Kimweri ye Nyumbai, alitawala muda mrefu, na katika zamani zake nguvu za Wakilindi zilifika pwani, hata akashirikiana na Seyyid wa Unguja katika kuwaweka madiwani wa Mrima. Aliweka wanawe kuwa wakubwa wa miji huku na huku. Mmisheni Krapf alimzuru Vuga mara mbili, mwaka 1848 na mwaka 1852, akaandika ya kuwa raia wote walihesabiwa ni watumwa wa Simba Mwene, na mali zao ni mali yake. Maneno hayo, mfalme akiwa mmoja na mwenye akili na kuogopa kuiharibu nchi, yaweza kuwa ni adabu ya baraza tu. Lakini wana wa mfalme wakiwa wengi, kila mmoja na mji wake, na kila mmoja akiyashika maneno yale kama yalivyo, basi raia hana pa kukimbilia. Wasambaa husema katika lugha yao ya kuwa mfalme ama huiponya nchi, ama huiharibu. Kuzifya shi na kubana shi. Hakuna la tatu.

Kimweri akafa karibu na mwaka 1862. Mwanawe mkubwa alikuwa amekufa mbele yake, na kiti cha Vuga kikapewa mjukuu, Shekulwavu. Semboja, ami yake, hakuridhika. Yeye alikuwa na Mazinde, na Mazinde ilikuwa na bunduki. Ukubwa wa Vuga ulitoka katika matambiko na kodi na heshima ya wazee. Ukubwa wa Semboja ulitoka katika biashara. Alivaa nguo za pwani na kukaa na watu wa pwani. Akaishambulia Vuga, mji wa baba yake, ukachomwa moto. Shekulwavu akakimbia, na baadaye Semboja akamweka mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, katika kiti kile, naye bado mdogo. Yeye mwenyewe hakuhamia Vuga. Aliendelea kukaa chini, penye njia.

Ni katika nyumba hii Abdallah bin Hemedi alifanya kazi ya ukatibu, katika miaka iliyofuata kufa kwa Kimweri. Mkubwa wa bara aliyetaka kusema na Seyyid wa Unguja, au na wafanya biashara wa Pangani, alihitaji mtu ajuaye kusoma na kuandika khati ya Kiarabu, ajuaye adabu za nyaraka, na tena ajuaye mambo ya pwani, nani mkweli na nani mdanganyifu. Katibu alikuwa ulimi wa mkubwa wake kwa watu wa mbali. Deni likitajwa, yeye ndiye anayelijua. Baruti ikiagizwa, yeye ndiye ameandika kiasi chake. Na malipo yake yakiwa ni watu, hilo nalo haliwezi kufichika kwa katibu.

Maana jambo kubwa la miaka ile lilikuwa ni kuuzwa watu. Tufani ya mwaka 1872 iliivunja mikarafuu ya Unguja, lakini ya Pemba ikasalimika, na bei ya karafuu ikapanda, na mashamba ya Pemba yakataka watu wa kufanya kazi. Mwaka uliofuata, 1873, Seyyid Barghash alitia mkono mkataba na Waingereza, soko la Unguja likafungwa. Lakini biashara haikufa, ilihamia katika njia za siri za Mrima, na Pangani na vijiji vyake vilikuwa karibu na Pemba. Usambara na Bonde vikawa ndio shamba la kuvuna watu. Hapo kale mtu aliuzwa kwa kosa kubwa au kwa kushindwa kulipa fidia. Sasa makosa yakatafutwa. Mzee akituhumiwa uchawi, watoto wake huchukuliwa. Kijiji cha mkubwa huyu huvamiwa na mkubwa mwenzake, naye hulipiza kwa kijiji cha yule. Na wote wawili ni wana wa Kimweri au wajukuu wake, na wanaokwenda pwani wamefungwa kamba si Wakilindi, ni raia wao. Watu wa nyikani wakayaacha mashamba yao wakapanda milimani, na wa milimani wakajificha mahali pasipo njia.

Kisha ikaja Kiva. Wabondei, walioonea dhiki ya wana wa Kimweri muda mwingi, waliona ugomvi wa Shekulwavu na Semboja kuwa ni mlango. Shekulwavu alipokwenda kwao kutaka msaada juu ya ami yake, wakainuka juu ya Wakilindi, karibu na mwaka 1868 na 1869, wakawaua wengi wao na kuwafukuza waliobaki, na wako waliouzwa pwani kama walivyouza. Ufalme uliokuwa umetoka Kilimani hata Mrima ukakatika vipande. Shekulwavu akafa, na nduguze wakaendelea na vita, na Usambara haikuona amani hata Wadachi walipoingia. Mwandishi mwingine angeiandika Kiva kama uasi wa raia wasio na shukurani. Kitabu cha Abdallah bin Hemedi kinaonyesha ilikotoka. Kiva inakuja baada ya habari ndefu za watu na mali vilivyochukuliwa, na msomaji akifika pale hastaajabu tena.

Hapa pana jambo ambalo mtu wa dini hawezi kulipita. Mtume (s.a.w.) amekataza kuwatukana wafu, na ghiba ni haramu kwa ijmai ya wanazuoni. Basi kitabu kinachotaja maovu ya watu waliokwisha kuingia makaburini kina hukumu gani? Na aliyekiandika alikula mkate wa Semboja, na haki ya mwenyeji inajulikana. Jawabu lake limo katika vitabu vya madhehebu. Imamu Ghazali, na baada yake Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, wameeleza ya kuwa ghiba huruhusiwa kwa sababu sita za kisharia. Miongoni mwazo ni mdhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu, na kutaka msaada katika kuondoa munkari, na kuwatahadharisha watu na shari. Na mabwana wa Hadithi hawakuona haya kuandika ya kuwa fulani ni mwongo na fulani ni dhaifu wa kuhifadhi, ingawa fulani alikuwa mcha Mungu na amekwisha kufa. Kwani kumsitiri yeye kungekuwa ni kuwapoteza wote waliomfuata. Kipimo ni kutazama aibu yenyewe. Ikiwa ni ya mtu na nafsi yake, hufunikwa. Ikiwa ni dhulma iliyowapata watu, haki yake si ya mwenye kudhulumu hata aisamehe nafsi yake, bali ni ya waliodhulumiwa. Na aliyeiona ana ushahidi shingoni mwake. Katika Suratun-Nisaa waumini wameamriwa ushahidi wa haki hata juu ya nafsi zao na wazazi wao. Mkate wa Semboja si mzito kuliko mzazi.

Hata hivyo si kila kitu katika kitabu kile kinapita katika ungo. Abdallah bin Hemedi aliwauliza wazee wa Kikilindi na wa Kisambaa, akakusanya walichosema, na kwa hilo anastahili sifa, maana bila yeye mengi yangalizikwa pamoja nao. Lakini mazungumzo ya Mbegha na wazee wa Vuga yameandikwa neno kwa neno, kama kwamba mwandishi aliketi nao barazani, na kati yake na wao imepita zaidi ya miaka mia. Mwanafunzi aliyezoea sanad atauliza, nani alisikia, na nani alimpokea? Sehemu za kale za kitabu ni hadithi iliyosimuliwa vizuri, na katika hizo mtu achukue maana yake. Sehemu za mwisho ni jambo jingine. Pale mwandishi anasimulia zama alizoishi, na watu aliowajua nyuso zao, na miji aliyolala. Nguvu ya kitabu iko huko.

Semboja alidumu kuwa mkubwa wa Mazinde hata uzeeni. Mwaka 1888, Wazungu wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, walipokuwa safarini Usambara, mali yao ilichukuliwa naye. Walipokimbilia pwani wakaangukia mikononi mwa Bushiri, wakatolewa kwa fidia. Lakini Bushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na Semboja, aliyejua kupima upepo, akafanya amani na Wadachi mwaka 1890. Wakaja wakajenga boma katika Mazinde yake. Mwaka 1895 akafa. Mwaka huo huo Wadachi wakamnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa mfalme wa Vuga, wakamweka Kinyashi, mwana wa Shekulwavu. Hivi kiti kikarudi kwa kizazi kile alichokinyang'anya Semboja, lakini sasa kiti chenyewe kilikuwa chini ya boma.

Abdallah bin Hemedi alikuwa amekwisha kurudi pwani, na Wadachi walipotawala akawa Liwali wa Tanga. Liwali alikuwa mtu mkubwa: huamua daawa za watu, huwapokea wageni, na amri za serikali hupita kwake. Na kitabu chake kikapigwa chapa katika mtambo wa misioni ya Waingereza iliyokuwa Msalabani, Magila, katika nchi ya Bonde, kwa sehemu tatu, kati ya mwaka 1895 na mwaka 1907. Wako watakaouliza imekuwaje Mwislamu akapeleka kazi yake kwa wamisheni. Mtambo wa Seyyid Barghash huko Unguja ulichapa vitabu vya Kiarabu, vya dini na sharia. Kitabu cha Kiswahili cha habari za wafalme wa mlimani hakikuwa na mlango pale. Wamisheni walitaka maneno ya Kiswahili safi kwa herufi za Kizungu, naye alikuwa nayo. Ndani ya kitabu hakuna alipoiuza dini yake kwa ajili ya karatasi yao.

Yote haya ni kwa upande wake. Upande wa pili nao ni lazima usemwe, maana mtu aliyewapima wengine hawezi kukataa kupimwa.

Kwanza, aliandika wakati mwenye kuogopwa amekwisha kuondoka. Mwaka ulioonyeshwa katika sehemu ya kwanza ni ule ule aliokufa Semboja, na sehemu za baadaye, zenye habari kali zaidi, zilitoka Semboja akiwa kaburini na mwanawe amenyongwa. Kule Mazinde, kalamu ilipokuwa mkononi na mkubwa yu hai, iliandika nyaraka za mkubwa. Jihadi iliyosifiwa katika Hadithi ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu, si baada yake. Yawezekana alimnasihi Semboja faraghani, na nasaha ya faragha ndiyo iliyo bora kwa wakubwa kama walivyosema wanazuoni. Lakini nasaha ya faragha haiachi alama, na mwandishi wa maisha hana ruhusa ya kumpa mtu thawabu asizozishuhudia.

Pili, kitabu chake ni cha Wakilindi. Katika miaka ile ile kilipokuwa kikichapwa, Wadachi walikuwa wakitoza kodi ya nyumba, tangu mwaka 1898, na kuwafanyiza watu kazi katika mashamba makubwa ya Usambara na Tanga. Na sehemu ya tatu ilipotoka mwaka 1907, vita vya Majimaji upande wa kusini vilikuwa vimekwisha tu kuua watu wengi mno kwa risasi na kwa njaa. Liwali wa Tanga aliyajua mambo ya serikali kuliko raia yeyote. Juu ya hayo hakuacha kitabu. Na katika mji ule ule Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, ambaye hakuwa na cheo cha serikali ya Wadachi, alikuwa amekwisha kutunga utenzi wake juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima, mwaka 1307 wa Hijra, vita vyenyewe vikiwa havijapoa na waliovishinda wamekaa katika boma lao. Huyu alisema juu ya wenye nguvu waliopo. Yule alisema juu ya wenye nguvu waliopita. Mwenye kuwalinganisha ataona nani alijitia katika hatari zaidi.

Lakini kulinganisha huku nako kusizidi mpaka. Kama Abdallah bin Hemedi angalisema Mazinde, Semboja akiwa hai, pengine angaliuawa au angalifukuzwa, na leo pasingekuwa na kitabu, na dhulma ya miaka ile ingalikuwa ni uvumi. Ukimya wake wa ujana ndio uliomwezesha kuona. Alikaa penye njia ya misafara, ndani ya nyumba, akahifadhi. Wengine waliokaa naye katika baraza ile ile, wenye kusoma na kuandika kama yeye, walikula, wakaona, wakafa, na hawakuacha hata ukurasa mmoja. Walikuwapo pia waliofika Mazinde kununua watu, na asubuhi wakaswali, kisha wakaendelea na safari. Na hao walikuwa na elimu ya kutosha kujua ya kuwa kumwuza mtu huru ni katika madhambi makubwa, kwani vitabu vya fikhi ya Kishafii waliyosomea vinasema wazi. Kuhusu hao kitabu hakikunyamaza. Kilionyesha biashara ile iliwafikisha wapi wauzaji. Na wanunuzi walikuwa ni watu wa pwani, jamaa za mwandishi kwa lugha na kwa dini. Hapo alitoa ushahidi juu ya watu wake mwenyewe, na wao walikuwa bado hai, na Tanga alikutana nao njiani.

Abdallah bin Hemedi alikufa mwaka 1912. Mwenyezi Mungu amrehemu na kumsamehe. Miaka miwili baadaye vita vya Wazungu vikafika Tanga, na serikali aliyoitumikia ikatoweka kama ilivyotoweka ya Semboja. Mazinde ikawa nchi ya mashamba ya mkonge, na reli ya Tanga hata Moshi ikafuata mstari ule ule wa misafara. Kitabu chake, kilichokuwa kimechapwa kidogo kidogo na misioni, kilipigwa chapa tena kwa kitabu kimoja huko Nairobi mwaka 1962, kimetengenezwa na J. W. T. Allen, ambaye ndiye aliyeutengeneza pia utenzi wa al-Buhriy. Mwaka uliofuata, 1963, serikali ya Tanganyika ikaondoa kwa sheria utawala wa machifu wote, na kiti cha Simba Mwene kule Vuga kikabaki bila amri. Kizazi cha Mbegha kipo, na watoto wao huisoma habari ya babu zao katika maneno ya katibu wa Mazinde, pamoja na watoto wa wale waliouzwa jamaa zao.